Panda Usambara na Njaa: Siku Moja ya Watu Wawili, Mombo hadi Magamba

Mara ya kwanza mimi na mzee wangu, yaani mume wangu, tulipopanda Lushoto, mkoani Tanga, tulikosea jambo moja, nalo likatuharibia siku nzima: tulishiba Mombo. Chipsi mayai, mishikaki, soda baridi, kisha tukaingia kwenye kona. Kabla ya Soni nilikuwa nimeshashuka garini mara mbili, nimeinama kando ya barabara, wanafunzi wakipita na kunipa pole. Tulipofika juu, ambako ndiko chakula chenyewe kilipo, sikutaka hata kunusa.

Tumerudi mara kadhaa tangu hapo, na siku hiyo sasa tumeipatia. Mwongozo huu ni wa watu wawili wenye gari dogo la kawaida na siku moja tu mkononi, wanaotaka kuula mlima huu kwa mpangilio. Nasema mpangilio kwa sababu Usambara Magharibi imekaa kama ngazi. Mombo, chini kabisa, ni joto, mkonge na mpunga wa kumwagilia. Soni, katikati, ni migomba. Lushoto, kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, ni mboga na matunda ya baridi. Magamba ni viazi, kabichi na moshi wa kuni. Kilomita kama 40 tu, na sahani imebadilika mara nne. Wasambaa wenyewe wana majina kwa tofauti hii: huku juu ni Shambaai, kule chini ni nyika.

Mzunguko mzima, kutoka Mombo kupitia Soni, Lushoto, Irente na Magamba hadi kurudi Mombo, haufiki kilomita 100. Kwenye lami ya tambarare hiyo ni saa moja na nusu. Huku ni siku nzima.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kwa tumbo

Kama mnatamani matunda, nendeni kati ya Desemba na Februari. Hapo ndipo plamsi, peasi na pichesi hujaa, na bei hushuka mpaka mtu anaona aibu kupatana. Juni hadi Agosti ni baridi ya kweli: ukungu asubuhi, sweta mchana, na supu ya moto inakuwa na maana ambayo Dar es Salaam haijawahi kuwa nayo. Machi hadi Mei sishauri. Masika yakikolea, mawe na udongo huporomoka barabarani, na mnaweza kukaa nyuma ya foleni mkisubiri njia isafishwe.

Mwezi wa Ramadhani nao muuache upite. Lushoto ina Waislamu wengi, na mama ntilie mlomfuata safari nzima mtamkuta amefunga, na biashara yake pia.

Ulizeni vilevile siku za gulio. Kila mji mdogo wa huku una siku zake, na Soni ya siku ya gulio si Soni ya siku ya kawaida. Pigeni simu kwenye nyumba ya wageni yoyote ya Lushoto siku mbili kabla. Watawaambia bila kuwauzia chumba.

Hatua ya 2: Jioni ya kuamkia safari

Laleni Korogwe au Mombo kwenyewe. Kutoka Dar es Salaam alfajiri, kupanda, kula na kushuka siku hiyohiyo ni adhabu.

Gari lolote lenye afya linapanda, hata IST. Lami inafika hadi Lushoto, na vipande vibovu vya mzunguko huu ni vifupi. Kinachohitaji kukaguliwa si ukubwa wa gari. Angalieni pedi za breki, mafuta ya breki, maji ya rejeta, tairi la akiba na jeki. Vibao vya pembetatu na mtungi wa kuzimia moto viwe ndani, maana barabara kuu ya kwenda Arusha ina askari wa kutosha, na tochi zao haziangalii kama uko fungate. Jazeni mafuta Mombo, kwa sababu kupanda kunakunywa kuliko mnavyodhani.

Halafu pesa. Chenji ndiyo silaha ya safari ya kula. Noti ya elfu kumi kwa bibi anayeuza mahindi mawili ni kumpa kazi ya kuzunguka kijiji kizima. Sisi hubeba mfuko wa elfu mojamoja, mia tano na sarafu, na mimi ndiye mweka hazina. Pesa ya simu inakubalika sehemu nyingi, lakini si kwa yule bibi.

Vitu vingine vya kubeba: kisu kidogo, kitambaa, maji ya kunywa na ya kunawa, vikapu viwili, na sanduku la kuhifadhia baridi lenye chupa za maji yaliyogandishwa. Msilisahau hilo sanduku. Kisa chake kinakuja.

Na mkubaliane kabisa kabla hamjalala: sahani moja, vijiko viwili. Hii ndiyo kanuni inayobeba siku. Mkiagiza kila mtu sahani yake Soni, Lushoto mtakuwa watazamaji.

Hatua ya 3: Saa 1 asubuhi, Mombo. Kunyweni, msile

Mombo ni mji wa njia panda. Reli kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1905, na tangu hapo kazi ya Mombo imekuwa kupokea wanaoshuka na kuwapakia wanaopanda. Mabasi husimama, abiria wakachimba dawa na kula, wauzaji wakakimbilia madirishani na matunda yaliyoshushwa kutoka mlimani. Harufu ya nyama choma itawaita kwa jina. Msigeuke.

Mnachotaka hapa ni chai ya tangawizi, ya rangi, na chapati moja ya kugawana. Tangawizi hutuliza tumbo kabla ya kona, na tumbo lenye chapati nusu husafiri vizuri kuliko lililo tupu kabisa. Kunyweni mkiwa mmekaa nje mkitazama mlima. Kutoka hapa unaonekana kama ukuta, na mtu asiyeijua barabara hujiuliza gari linapenyea wapi.

Msinunue matunda Mombo asubuhi. Ni yaleyale mtakayoyakuta juu, yakiwa yamechoka kwa safari na yamepanda bei kidogo.

Hatua ya 4: Kona

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita kama 33. Barabara ni nyembamba: upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde na mto unaousikia kuliko unavyouona. Mtakutana na Coaster zinazoshuka kama zimechelewa harusi, na Fuso zilizopakia kabichi mpaka mzigo umekuwa mpana kuliko gari.

Dereva apige honi kabla ya kila kona isiyoonekana mbele, akae upande wake hata kama barabara inaonekana tupu, na asiwe na aibu kusimama mahali penye upana ili wenye haraka wapite. Sindano ya joto ikianza kupanda, azime kiyoyozi, afungue madirisha. Baada ya dakika kumi hamtakihitaji tena, kwani hewa inageuka mkiwa humohumo ndani ya gari. Ni moja ya raha za barabara hii: unahisi joto la nyika likikuachia shingo.

Asiyeendesha akae mbele, atazame mbali, simu aiweke mfukoni. Kazi yake ni kuangalia mandhari kwa niaba ya watu wawili na kuyasimulia. Dereva akigeuza shingo kutazama bonde, mwambieni kwa upole. Mimi humwambia mzee wangu, "Baba, bonde lipo tu, utalikuta wakati wa kurudi."

Hatua ya 5: Soni, mji wa ndizi

Kabla ya kuingia mjini, maporomoko ya Soni yanaonekana kutoka barabarani. Simameni penye nafasi, nyosheni miguu, pigeni picha, basi. Kilichowaleta kiko mbele kidogo.

Soni ni mji mdogo uliojibana bondeni, na sokoni pake ndizi ndiyo mwenye nyumba. Ziko za kuiva, ziko mzuzu za kukaanga, ziko za kupika. Tafuteni banda lenye sufuria ya ndizi na maharage. Ndizi zinakatwa vipande, zinachemshwa mpaka zinakaribia kuvurugika, maharage yanaingizwa yakiwa yameshaiva, kisha nyanya, kitunguu na mafuta kidogo. Hakuna viungo vya pwani humu, na msivitafute. Utamu wake ni wa ndizi iliyokatwa juzi tu. Wenye bahati hukuta iliyopikwa kwa nyama.

Mama wa banda akiona mmeagiza sahani moja watu wawili, anaweza kudhani mna shida au mmegombana. Tulipofanya hivyo mara ya kwanza, mama mmoja alimtazama mzee wangu kwa jicho la pembeni, akaniongezea mimi kijiko kimoja cha maharage. Siku hizi naanza na maelezo: "Shikamoo mama, leo tunaonja kila mji, tusije tukashiba kwako tukakosa kwa wenzako." Hucheka, na mara nyingi huongeza bila kuombwa. Kama mnataka kumfurahisha zaidi, asubuhi msalimieni kwa Kisambaa, "Onga maundo," na mkiondoka semeni "Hongea," yaani asante. Matamshi yenu yatakuwa mabovu. Ndiyo sehemu ya furaha yake.

Mkiwa mnakula, dereva atulie asikie kisa hiki, maana kinahusu sahani iliyo mbele yake. Kutoka Soni njia inachepuka kuelekea Bumbuli, na upande huo ndiko kuliko Vuga, makao ya watawala wa Kikilindi, akina Kimweri. Simulizi ya Wasambaa inasema mwanzilishi wao, Mbegha, alikuwa mwindaji aliyetoka Ngulu baada ya ndugu zake kumkataa, kwa kuwa alizaliwa kigego, meno ya juu yakiwa yametangulia. Aliingia milimani na mbwa wake, akiwaua nguruwe pori waliokuwa wakimaliza mashamba. Kila alipopita aliwapa watu nyama, nao wakampa chakula cha shambani, ndizi zikiwemo. Yeye alikuwa na kitoweo bila chakula, wao walikuwa na chakula bila kitoweo. Baadaye aliua simba Vuga, na watu wakamfanya mtawala wao. Wengi hukumbuka zaidi simba. Mimi naona ufalme ulishapatikana kwenye ile nyama na ndizi. Huyo simba alikuja kuweka sahihi tu.

Nguruwe, bila shaka, hamtamkuta kwenye sufuria za Soni siku hizi.

Jirani na Soni kuna pia Sakharani, shamba la watawa Wabenediktini, wanaojulikana kwa karanga za makadamia na mvinyo. Jina linatokana na Bwana Sakarani, lakabu ya Tom von Prince, afisa wa Kijerumani aliyekuwa na shamba hapo na akafa katika vita vya Tanga mwaka 1914. Mkipita, nunueni makadamia. Mvinyo, kama mnatumia, uende moja kwa moja kwenye buti ukiwa umefungwa. Hakuna kuonja katika barabara hii. Mwenye usukani haonji, na asiye na usukani asimtamanishe mwenzake.

Hatua ya 6: Saa 4, Lushoto

Kutoka Soni kona hupungua ukali. Bonde linafunguka, mikaratusi inajipanga kando ya njia, mashamba ya mboga yanapanda milima kama mistari ya daftari. Wajerumani waliupenda mji huu kwa baridi yake, wakauita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Wazungu wa enzi za ukoloni, wamisionari wakiwemo, ndio walioleta matunda ya kwao. Wametuachia majengo kadhaa na peasi, na mimi nikiulizwa nichague, nachagua peasi.

Egesheni gari na mtembee. Anzeni sokoni, lakini anzeni kwa kutazama. Zungukeni mara moja bila kununua. Mtaona karoti zenye udongo bado, kabichi, nyanya kwenye matenga, viazi mviringo, maparachichi, mboga za kienyeji kama mnavu na mchunga, maharage ya rangi zote. Vitu vingi huuzwa kwa fungu au kwa kisado, kile kindoo kidogo cha plastiki. Ulizeni bei kwa watu watatu, kisha mrudi kwa yule aliyewachangamkia. Tofauti ya shilingi mia mbili haifai kuikosea raha.

Kama ni msimu, nunueni sasa plamsi chache tu za kula mkitembea. Chagueni zilizoiva lakini zenye ugumu kidogo karibu na kikonyo, na hasa zile zenye ule ungaunga mweupe juu ya ganda. Huo ndio ushahidi kwamba hazijashikwashikwa. Peasi za Lushoto ni za aina yake, ngumu, za kung'atwa kwa meno ya kweli. Aliyezoea zile laini za supamaketi atadhani hazijaiva. Zimeiva. Ndivyo zilivyo, na maji yake hushuka mpaka kwenye kiwiko.

Mzigo mkubwa msinunue bado. Mtarudi hapa jioni mkishuka kutoka Magamba.

Chakula cha Lushoto ni kwa mama ntilie wa jirani na soko. Usiangalie ubao, fuata foleni ya wachuuzi wenyewe, kwa kuwa mtu aliyepakia magunia tangu saa kumi alfajiri hana subira na chakula kibaya. Agizeni ugali na maharage, mboga ya mnavu na parachichi pembeni. Mnavu una uchungu wa mbali, na parachichi ndilo linalouzima. Kula vyote viwili kwenye tonge moja. Mkibahatika kukuta bada, yaani ugali wa muhogo, chukueni nusu yake. Ni mweusimweusi, unavutika, na mtu wa mara ya kwanza huutazama kwa mashaka. Mzee wangu, aliyekulia Mwanza kwenye muhogo, alinyamaza dakika tano nzima. Kwake hiyo ni sifa.

Saa 5 na nusu muwe mmeinuka. Mkikaa zaidi mtashiba, na Irente bado.

Hatua ya 7: Irente, jibini na ukingo wa dunia

Irente iko kilomita kama 5 au 6 kutoka mjini, kwa barabara ya vumbi inayohitaji uvumilivu tu. Nendeni taratibu, watoto na ng'ombe wana haki zaidi yenu.

Kabla ya ukingo wenyewe mtapita shamba la Irente, la Kanisa la Kilutheri, ambalo siku hizi linaendeshwa kama hifadhi ya viumbe hai. Hapa ndipo safari inapopata kituko chake kitamu: katikati ya milima ya Wasambaa watu wanatengeneza jibini, jemu na mkate mweusi wa rai, ule mzito wa Kijerumani. Wana chakula cha mchana cha kubeba au kula palepale bustanini: mkate, jibini, jibini laini la kupaka, jemu, mboga mbichi na matunda. Mkiwa wengi au ni siku ya mapumziko, toeni taarifa mapema. Kwa watu wawili, agizeni cha mmoja kwanza.

Najua kuna watakaosema, tumepanda mlima tukale mkate wa Wazungu? Nilisema hivyohivyo. Lakini maziwa ni ya ng'ombe wa hapa, jemu ni ya matunda ya hapa, na mikono inayokanda ni ya hapa. Kabichi nayo ilikuja na wageni, na hakuna anayeikatalia uraia. Paka jibini laini kwenye ule mkate, weka jemu juu, funga macho. Chumvi, uchachu, utamu, kwa zamu.

Msimalizie kula bustanini. Fungeni vipande viwili kwenye kitambaa, mwendelee hadi kwenye ukingo. Kuna kiingilio kidogo, ile chenji yenu iwe tayari. Hapo mlima unakatika ghafla, na karibu mita 1,000 chini yenu ni Mazinde: mashamba ya mkonge yaliyonyooka kama yamepigwa rula, barabara ya Arusha kama uzi, halafu nyika inayoendelea mpaka macho yachoke. Asubuhi mlikuwa kule chini, mnakunywa chai mkiutazama ukuta huu.

Kaeni mbali na kingo, hasa kama kuna upepo au mawe yamelowa, na mtu asirudi kinyumenyume kutafuta picha. Hapa ndipo penye saa ya mapumziko ya siku nzima. Mzee wangu hulala usingizi wa dakika ishirini, kofia usoni. Namwacha. Dereva aliyelala Irente ndiye dereva ninayemtaka saa 11 jioni.

Hatua ya 8: Magamba, kwa ufupi

Rudini Lushoto, pandeni kilomita kama 8 hadi Magamba. Msitu wa hifadhi ya mazingira asilia uko hapa, na anayetaka kuingia kutembea hulipia na kupewa mwongozaji. Katika safari ya kula hamna saa za kutosha kwa hilo. Simameni tu pembeni ya msitu, mzime injini, msikilize. Mara nyingine mbega hupita juu ya miti na mikia yao yenye ncha nyeupe.

Kisha mtafute viazi. Huku viazi mviringo huchemshwa na maganda yake, au hukaangwa vikubwavikubwa, na mahindi huchomwa kwenye makaa kando ya barabara. Chumvi, pilipili, chai ya maziwa. Baridi ya saa 9 alasiri Magamba ndiyo kitoweo. Kama ukungu umeshuka, msisubiri uondoke, geuzeni gari.

Hatua ya 9: Kushuka

Hatua hii isomwe na anayeendesha, mara mbili.

Anzeni kutoka Magamba saa 9 na nusu, mpitie Lushoto kuchukua mzigo, na saa 10 na nusu muwe mmeanza kushuka. Lengo ni kukanyaga Mombo kabla jua halijazama. Usiku barabara hii ina bodaboda zisizo na taa, watembea kwa miguu, na mawe ambayo jana hayakuwepo.

Sokoni mpangeni mzigo kwa akili: viazi na kabichi chini, karoti katikati, parachichi na matunda laini juu kabisa, kwenye kikapu, na kikapu kikae sakafuni nyuma ya kiti cha mbele kisisogee. Nimewahi kuweka plamsi kwenye mfuko wa plastiki ndani ya buti pamoja na jeki. Tulifika na juisi.

Sasa breki. Kosa la watu wa tambarare ni kushuka mguu ukiwa umelalia breki mwanzo hadi mwisho. Breki hupata moto, huanza kunuka kama plastiki inayoungua, kisha pedali hulainika na gari linakuwa halisikii. Dawa ni gia. Gari la gia za mkono: gia uliyopandia kona ndiyo uishukie, mara nyingi ya pili, na usiwahi kuliachia kwenye fri eti kuokoa mafuta. Gari la otomatiki: zima kitufe cha O/D (overdrive), na kwenye miteremko mikali shusha hadi 2 au L, zile za haibridi zina B. Injini itanguruma, iacheni ingurume, ndiyo inayowashikilia. Breki mnaikanyaga kwa vipindi: kanyaga imara kabla ya kona, achia, subiri.

Mkisikia ile harufu, tafuteni mahali penye upana, simameni, wekeni jiwe kwenye tairi, mkae dakika ishirini. Msimwagie maji baridi rimu wala diski zikiwa za moto, zinaweza kupinda au kupasuka. Kuleni peasi mkisubiri. Na kwenye sehemu nyembamba, anayepanda apewe njia. Yule mwenye Fuso akisimama katikati ya mlima, kuondoka tena ni kazi.

Hatua ya 10: Mombo tena

Joto litawapokea mlangoni. Sasa kile kisa cha sanduku. Mwaka mmoja nilinunua jibini Irente, nikaliviringisha kwenye gazeti na kuliweka juu ya dashibodi ili nisilisahau. Tulipofika Mombo gazeti lilikuwa limelowa, Korogwe jibini lilikuwa limeanza safari yake yenyewe kuelekea kwenye tundu za kiyoyozi. Gari lile lilinuka wiki tatu. Mzee wangu mpaka leo akiwasha feni hunitazama kwanza.

Hivyo jibini liwe ndani ya sanduku, katikati ya chupa zilizoganda, na sanduku lisiwe upande wa jua. Halafu egesheni pale mlipokunywa chai asubuhi. Ile nyama choma mliyoikimbia bado ipo, na kona zimekwisha. Agizeni nusu kilo, ndizi mbili za kuchoma, kachumbari. Sahani mbili, safari hii.